Viroboto wa Bwana Afya

Jumatatu, 6 Februari 1967

Viroboto kumi na mmoja soksi ya kulia. Tisa ya kushoto. Jana walikuwa kumi na wanne kwa jumla. Navaa soksi nyeupe, natembea kutoka mlangoni hadi kitandani na kurudi, kisha nahesabu. Halafu soksi kwenye maji ya moto.

Nimefagia asubuhi. Vumbi limenijaa puani. Nimefagia tena. Karani amejikuna tangu kumekucha. Mbwa huyu akijikuna hugonga mlango kwa mguu, nami nadhani ni mgeni, naenda kufungua. Mara tatu leo. Nusu, paka wetu aliyekatika mkia, amehamia juu ya kabati na hashuki ila kula. Ana akili kunishinda.

Nabwire na mtoto wanarudi Jumamosi tarehe nne Machi. Wiki nne kasoro siku mbili. Miaka saba ya ndoa, mimba mbili zimeharibika, na sasa tuna binti. Nimemwona mara moja tu, Januari, kule Busibwabo kwa wakwe. Nyumba ilikuwa na giza na yeye alikuwa amefungwa blanketi. Niliona pua.

Siwezi kumleta katika hali hii.

Jumanne, 7 Februari

Kazi. Nyumba tisa leo. Kwa Mama Amoit, jirani yangu, nimeandika "Chafu" kwenye kitabu cha ukaguzi, kama mwezi uliopita. Anasiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe. Nimemweleza kwa mara ya nne kwamba mavi ni mavi, yanavuta nzi, na serikali haitaki. Alikuwa anachambua mboga. Hakubisha. Alinitazama shingoni tu, kwa muda mrefu.

Nimefunga kifungo cha juu nikaenda zangu.

Nyumbani kwangu nilipiga marufuku jambo hilo siku ile ile tulipohamia Malaba. Mtu wa afya hawezi kukanyaga mavi sebuleni kwake. Sakafu yangu ni udongo mkavu, safi. Una nyufa kidogo, lakini safi.

Alhamisi, 9 Februari

Nimeleta dawa ya unga kutoka stoo ya kazini. Nimemwaga kila mahali, chini ya kitanda, kwenye kona, kwenye gunia analolalia Karani. Nyumba ikawa nyeupe pe. Nikafurahi kwa saa mbili.

Kisha Nusu akashuka kula. Akatembea juu ya unga, akajilamba miguu. Saa kumi mate yalikuwa yanamtoka na anatetemeka mwili mzima. Mimi ndiye ninayewaambia watu kila siku, dawa hii weka mbali na wanyama.

Nimemwosha kwa sabuni kwenye karai. Amenikwaruza mikono yote miwili. Haki yake.

Ijumaa, 10 Februari

Nimekwenda Busia kupeleka ripoti kama kila Ijumaa. Nimerudi, Nusu yuko hai, amelala juu ya kabati na amenigeuzia mgongo. Unga wote nimeufagia nje. Soksi: kumi na saba. Waliokufa walikuwa wajinga wao, wenye akili wamebaki.

Jumapili, 12 Februari

Shemeji Wandera, kaka yake Nabwire, alikuja jana kunisalimia, akalala hapa. Nilimpa kitanda, mimi nikalala kwenye mkeka. Asubuhi hakunywa hata chai. Alisema ana haraka. Alikuwa anajikuna kiunoni huku anasema ana haraka.

Atasema. Wandera hajawahi kukaa na neno tumboni.

Jumatano, 15 Februari

Amesema. Nimepata barua, mwandiko wa Nabwire, maneno ya mama yake. Mama mkwe hawezi kuzungumza nami uso kwa uso, si desturi, lakini kwa barua ameweza vizuri sana. Mjukuu wake hatatolewa Busibwabo kupelekwa kwenye nyumba ya wadudu. Niwamalize kwanza. Nisipowamaliza, mtoto atakaa kwa bibi yake mpaka aanze shule.

Chini kabisa Nabwire ameongeza mstari wake mwenyewe. Anauliza Karani hajambo.

Nimekasirika. Hakuuliza kama mimi sijambo.

Alhamisi, 16 Februari

Nimemtoa Karani.

Hamisi, dereva wa lori la chumvi anayepita hapa kwenda Tororo, siku nyingi anatafuta mbwa wa kumlindia mzigo. Nilimwita pale mpakani. Hakuuliza mengi. Karani alipanda kabini mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha utingo, akanitazama akidhani na mimi napanda.

Nabwire ndiye aliyemwokota mbwa huyu, chini ya banda la forodha, akiwa bado mtoto wa mbwa, tumbo limevimba. Ilikuwa mwaka ule mimba ya pili ilipoharibika. Alimlisha uji kwa kijiko. Najua hayo yote. Nimemtoa hata hivyo. Mbwa hayupo, viroboto watakula nini? Hesabu ni rahisi.

Jumamosi, 18 Februari

Hesabu si rahisi. Watanila mimi.

Thelathini na wawili kwenye soksi. Walipokuwa na Karani walikuwa wananionja tu. Sasa sina wa kugawana naye. Miguu imevimba mpaka magotini. Nimejipaka mafuta ya taa, nimejichoma ngozi, na bado wanaruka. Nimeketi juu ya meza kuandika haya. Mtu mzima, mwenye cheti, juu ya meza.

Mlango haugongwi tena.

Jumanne, 21 Februari

Siku ya aibu.

Baraza la chifu. Nimesimama mbele ya watu kuhutubia juu ya usafi wa nyumba. Shati jeupe. Nilikuwa nimefika kwenye mifugo, kwamba mbuzi na kuku wasilale ndani, nikasikia mmoja anatembea kolani. Nikavumilia. Akauma. Nikavumilia. Akauma tena na mkono ukaenda wenyewe.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha fimbo.

"Bwana Afya, hiyo kitu iko kwa shingo yako, hiyo pia ni ya serikali?"

Watu wamecheka mpaka chifu akacheka. Mimi sikucheka. Nilimaliza hotuba, sijui nilisema nini. Mama Amoit alikuwa pale na hakucheka. Hilo limeniuma zaidi.

Jumatano, 22 Februari

Nimekwenda kwa Mama Amoit. Si kwa kazi. Kitabu nimekiacha nyumbani.

Nimemwuliza kwa nini nyumba yake ina mbwa wawili, mbuzi na kuku, na haina kiroboto hata mmoja. Aliniacha nimesimama kidogo. Nilistahili.

"Kiroboto anazaa kwa ufa," akasema. "Kwa vumbi. Mavi na jivu inaziba ufa. Atazaa wapi?"

Nikamwambia mbona zamani kwangu hawakuwapo, na sakafu ni ile ile. Hapo ndipo alipocheka.

"Si ile ile, Bwana Afya. Bibi yako alikuwa anabeba mavi hapa kwangu kila Ijumaa. Wewe ukienda Busia, yeye anasiriba. Ukirudi imekauka."

Miaka miwili! Kila Ijumaa jioni nilikuwa nasikia harufu hafifu ya zizi, nalaumu ng'ombe wa jirani. Niliwahi hata kumwandika. Nabwire alikuwa ananiwekea chai na kunyamaza.

Aliondoka Desemba. Sakafu ikakauka, ikapasuka. Nami nikaisifu kuwa safi.

Nilimwomba Mama Amoit aje anisiribie. Alikataa pale pale. Mwanamke mwingine hasiribi nyumba ya mwenzake wakati mwenyewe hayupo. Watu watasema ameshika nafasi yake. Wanaume hawasiribi, nikamwambia. Akaniambia basi nikae na viroboto wangu.

Alhamisi, 23 Februari

Nimesiriba.

Nimetoa kitanda, kabati, meza, kila kitu uani juani. Shuka na blanketi nimechemsha. Magunia nimechoma. Mama Amoit alileta makarai mawili ya mavi mabichi, akaweka mlangoni, hakuingia. Alikaa kwenye kigoda nje akaniongoza kwa kelele.

"Jivu zaidi! Usipapase, sukuma! Peleka kwa ufa!"

Nilipiga magoti, suruali nimekunja, mikono mpaka viwiko. Mwanzoni nilishikilia pumzi. Haiwezekani kushikilia pumzi nyumba nzima. Wanawake watatu waliotoka kisimani walisimama. Wakawa sita. Mmoja akapiga kigelegele. Utingo wa malori nao wakasogea kuona. Nilimwambia Mama Amoit nimekuwa sinema. Akasema sinema isiache ile kona.

Nimesiriba vibaya, ina mawimbi. Anasema itafaa, ila nirudie baada ya wiki moja, kwa sababu mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa.

Mgongo umekufa. Nanuka. Soksi: tisa.

Jumamosi, 25 Februari

Sita. Lakini leo nimepata jambo jingine la kuniumiza kichwa. Nimeketi nakunywa chai, nikafikiria Nabwire anafika, anaita "Karani," na hakuna anayekuja. Nimetafuta la kumwambia tangu asubuhi.

Nimekwenda mpakani kuuliza Hamisi yuko wapi. Wanasema amepita Tororo, amekwenda mbele zaidi. Hakuna ajuaye atarudi lini.

Nilikuwa mpumbavu. Naandika hivi hapa kwa sababu hakuna mtu wa kuambiwa.

Jumanne, 28 Februari

Hamisi amerudi! Lori limesimama mbele ya nyumba yangu, honi haikomi. Ameshuka anajikuna mgongo kwa spana.

"Mzee, chukua mtu wako! Amenijazia viroboto kwa kabini, utingo wangu amekimbia, analala juu ya chumvi!"

Ametukana kwa Kiswahili na Kiganda, mpaka maneno yakamwishia. Nimemwomba radhi kwa yote. Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo. Karani ameruka chini, amekonda, ananuka dizeli. Hakunijia. Alipita moja kwa moja mpaka mlangoni, akanusa sakafu, akaingia ndani, akapiga chafya.

Nimemwosha kwa maji ya tumbaku na sabuni, mara mbili. Nimemchana kwa kitana changu. Hicho kitana sikitumii tena. Kabini ya Hamisi nayo nimeisugua mpaka saa kumi na moja. Nilikuwa na deni la haki.

Alhamisi, 2 Machi

Nimesiriba mara ya pili. Leo wamesimama wanawake wawili tu. Wengine wameshazoea. Mawimbi yamepungua. Nilipomaliza, Mama Amoit aliingiza kichwa, akatazama kona zote, akasema, "Sasa hii ni nyumba."

Nimechukua kitabu cha ukaguzi mbele yake nikafuta "Chafu" kwenye ukurasa wake. Hajui kusoma. Nimemsomea. Akauliza ile ya Januari je. Nikafuta na hiyo.

Wakubwa Busia wataniuliza. Wakiniuliza nitawaonyesha soksi.

Soksi: hakuna. Nimetembea mara tatu. Hakuna.

Jumamosi, 4 Machi

Wamefika saa nane. Wandera alibeba mzigo, Nabwire alibeba mtoto. Karani alilia kama ametiwa kisu, akajiviringisha miguuni pake. Nabwire akamwinamia, akamshika masikio, akanusa. Akauliza kwa nini Karani ananuka dizeli.

Nikamwambia yote, pale pale uani, mbele ya shemeji. Nabwire akaingia ndani, akasimama. Akavua viatu. Akapita polepole kwa nyayo tupu kona hadi kona, mwisho akainama akagusa pale penye mawimbi.

"Nani alisiriba hapa?"

Nikanyoosha mkono. Bado kuna kitu chini ya kucha, hakitoki.

Hakusema nami mpaka chakula cha jioni. Kisha akasema nimeweka jivu jingi. Wandera amelala hapa.

Jumapili, 5 Machi

Wandera amekunywa chai vikombe vitatu kabla ya kuondoka. Atasema na hili pia.

Nabwire alikwenda kumshukuru Mama Amoit, akaniachia mtoto kwenye mkeka, katikati ya sakafu. Karani mlangoni. Nusu ameshuka kabatini, ameketi mbali kidogo. Nikamfungua mtoto blanketi kumkagua. Mikono, tumbo, mgongo. Ngozi safi. Nikafika miguuni, nikaona alama nyekundu kwenye kisigino cha kushoto.

Nikamnyakua, nikatoka nje namwita Nabwire kwa sauti, nikisema wamerudi, wamemuuma. Amekuja mbio. Ameshika mguu, ametazama, amenitazama mimi.

Amesema amezaliwa nayo.

Sikujua. Binti yangu ana wiki tisa na sikujua kisigino chake kikoje. Nabwire hakunicheka. Amenirudishia mtoto, akaniambia nimwangalie vizuri sasa, kuna mwanga.

Nimemwangalia mpaka akalala. Ana vidole virefu vya mama mkwe. Ana unywele mmoja mrefu kwenye sikio la kulia. Soksi sikuvaa leo.