Hatua Saba kwenye Taarifa ya Habari

Jumatatu, 4 Agosti
Nimerekodi habari tena. Zinapoanza mimi niko madrasa, kwa hiyo natega deki ya video ijiwashe yenyewe. Mkanda ni wa harusi ya watu nisiowajua, fundi wa Kizota alikuwa anautupa. Nimeziba kitundu chake kwa selotepu ili ukubali kurekodiwa upya. Kwa mwendo wa polepole unaingiza saa sita badala ya tatu. Mwalimu wa uraia anataka muhtasari kila wiki. Picha ina chenga, lakini inatosha.

Leo baada ya shule nimeangalia za jana. Bei za vyakula. Soko la Dar es Salaam. Mtu amepita nyuma ya magunia. Ni baba.

Jumanne, 5 Agosti
Nimerudisha nyuma mara nyingi. Shati la kijani, bega la kushoto limeinama. Hatua saba, kisha hayupo.

Baba aliondoka hapa Miyuji miaka mitatu iliyopita, kufuata mitumba Dar kama kawaida yake. Hakurudi, hakuandika. Mama humtaja kama marehemu. Mimi sijakubali. Sijamwambia.

Ijumaa, 8 Agosti
Habari za jana, ushuru wa masoko. Baba tena. Hatua saba. Nimefurahi mpaka nikaogopa kidogo. Kama hupita hapo kila siku, atapatikana. Mjomba Idi, kaka yake mama, anakuja Jumapili kutoka Dar. Nitamwomba akamngoje pale sokoni.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimelinganisha mara zote mbili. Sipendi nilichokiona. Mara ya kwanza mbuzi mweupe alikatiza mbele yake kwenye hatua ya nne. Mara ya pili mbuzi yuleyule, hatua ileile. Hata mwanamke aliyekaa kwenye magunia alipiga chafya palepale.

Nimezima. Kioo kilikuwa na joto. Nilihisi bado anatembea humo ndani.

Jumapili, 10 Agosti
Mjomba amefika. Nimempa shikamoo na mkanda kwa pamoja.

“Wewe binti, hata maji sijanywa, naonyeshwa soko?”

Kisha akasogea karibu na kioo. Akasema nirudishe. Hakumtazama baba, alitazama mabanda.

“Haya yalibomolewa zamani, mwanangu. Baba yako alikuwa bado anakwenda na kurudi. Hawa wa televisheni wana picha moja ya soko, bei ikipanda wanairusha.”

Mama alikuwa mlangoni. Sijui tangu lini.

Sikula.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimetoka shule nikamkuta mama ameketi mkekani mbele ya televisheni. Imezimwa. Aliniambia nimwekee.

Nilisimamisha picha kwenye hatua ya tatu. Baba akawa anatetemeka, mguu mmoja hewani. Mama alisogea mpaka karibu aguse kioo.

“Alikuwa hajakonda,” alisema.

Tukakaa. Maharage yakaanza kunukia kuungua, hakuinuka.

“Muache amalize.”

Nikaachia kitufe. Mbuzi, chafya, hatua nne zilizobaki. Baada yake bei ya mahindi. Tuliangalia mpaka mwisho.