Kabichi, Mahindi na Figo Moja

Ghorofa ya pili,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo? Mama hajambo? Na hiyo mashine ya kusafishia damu, bado inakukalisha asubuhi nzima mara tatu kwa wiki? Tafadhali usinijibu "salama" kwa mazoea. Nijibu kama unavyomjibu nesi. Miguu bado inavimba? Usingizi unakuja? Chakula kinapita?

Sisi huku hatujambo, ila mimi nimechoka. Ni ule uchovu ambao mtu analala nao na kuamka nao. Shemeji yako mzima, cherehani yake inalia kutwa, na watoto wanakula kama mchwa. Juzi nilijikuta namwonea wivu binti yangu mwenyewe kwa kipande cha mkate.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu imenishinda. Kila nikitaja neno figo, mtandao wako unakatika. Nikiuliza habari za mpira, mtandao unarudi. Barua haikatiki, kwa hiyo kaa kitako usome mpaka mwisho.

Unakumbuka majibu ya vipimo vya kwanza, nilipojitolea kukupa figo yangu moja. Damu zetu zilipatana vizuri, lakini daktari akanitazama kiuno, akatazama presha, akasema hatanipasua mpaka nipungue kilo kumi na presha itulie. Siku ile nilikusikia kwenye simu ukishusha pumzi. Ulidhani mambo yameishia hapo, maana unanijua mimi na sahani.

Sasa fikiria na kazi yangu. Tangu nianze kutengeneza mafriji na mashine za kukaangia katika haya maduka ya kuku wa boksi, chakula changu cha mchana ni hilohilo boksi: kipande cha kuku na kimoja kati ya vile vitu vya pembeni vinavyomsindikiza. Unachagua mwenyewe chipsi, kabichi ya mayonezi, viazi vya kuponda, maharage, mahindi au saladi. Kubeba chakula cha nyumbani nilijaribu. Lakini ukipigiwa simu alfajiri kwamba friji la nyama limekufa, hukumbuki bakuli, unakumbuka spana.

Mtaalamu wa lishe, dada mmoja mpole, aliniambia, "Anti, chagua chenye mboga." Basi mimi nikachagua kabichi. Kuku nikawa namvua ngozi kama anayekwenda kuoga, chipsi nikazipa kisogo, kabichi nikaila kwa bakuli. Na kwa kuwa mpishi wa tawi kubwa ananipenda tangu nilipomfufulia friji wakati wa joto kali, alikuwa ananiongezea bakuli la pili bila hata kumwomba. Nikajiona mtakatifu. Nilipopanda mizani, uzito ulikuwa umeongezeka. Nikavisingizia viatu.

Kisha nikaitwa tawi hilohilo, mlango wa friji la saladi haufungi. Nimepiga magoti na bisibisi yangu, mpishi yuko juu ya kichwa changu anaandaa kabichi. Ndoo ya mayonezi, Kitinda! Ndoo, siyo kijiko. Ikafuata sukari, akaimimina wala mkono haukusita. Nikamuuliza kama hiyo ni ya keki.

"Fundi, kwani ulidhani utamu ule ni wa kabichi?"

Nikamwambia mimi naila kwa ajili ya dayati. Akaacha kukoroga.

"Pole, mama. Kuliko mabakuli yako mawili, hata chipsi zina nafuu."

Nilikaa sakafuni palepale nikalia, bisibisi mkononi. Mpishi wa watu alidhani nalilia kabichi, akataka kuniletea maji. Nilikuwa nakulilia wewe. Nilikuwa nawaza muda wote uliokaa umefungwa mipira kwenye mashine, huku mimi najilisha mayonezi na kuyaita mboga.

Nikarudi kwa mtaalamu wa lishe. Hakunicheka, alijilaumu hata yeye kwa kutoniuliza ni kabichi ya namna gani. Tukavipitia kimoja kimoja. Viazi vya kuponda vina mafuta kidogo kuliko chipsi, nikafurahi, kumbe furaha ya bure: lile rojo wanalomwagia juu ni chumvi, na presha yangu ndiyo hiyo unayoijua. Maharage yenyewe ni mazuri, lakini haya ya kopo yanaogelea kwenye sukari. Saladi haina neno mradi kile kipakiti cha mchuzi ukiache kimefungwa, ila ukikiacha unaona kabisa kwamba unakula majani ya uzio wa jirani. Mahindi ya kuchemsha ndiyo yaliyoshinda, bila siagi, bila chumvi, bila furaha. Chipsi sikuuliza.

Basi nimekula mahindi. Nimeyala nimesimama, nimeyala nimekalia sanduku la vifaa, nimeyala na mikono inanuka grisi. Mvumilivu hula mbivu, lakini mimi nimevumilia na bado nala mahindi. Kibaya zaidi, mashine ya kukaangia ukishaitengeneza lazima uijaribu, na kuijaribu ni kukaanga chipsi. Zamani chipsi za majaribio zilikuwa haki ya fundi. Siku hizi namwita mfagiaji aje aonje, nageukia ukutani, namuuliza tu kama zimeiva. Mbaya huyu ananijibu huku anatafuna, tena taratibu.

Shemeji yako amenipunguzia ovaroli mara mbili. Mara ya tatu amekataa, anasema akikata tena mifuko ya mbele itakutana mgongoni. Anajifanya kulalamika, lakini nilimkuta amezihifadhi zile pindo alizokata, amezifunga kwa uzi, hataki zitupwe.

Najua unachoogopa, kwa sababu Mama ameniambia. Unasema nina watoto, na kwamba hutaki kuishi kwa kitu ulichomnyang'anya dada yako. Kitinda, ulipokuwa mdogo hukuwahi kukataa kitu changu. Sweta langu, kalamu zangu, nusu yangu ya mkate, vyote ulikuwa unachukua kabla sijatoa, na nikilia Mama ananiambia nikuachie, wewe ni mtoto. Leo natoa mwenyewe, kwa hiari yangu, ndiyo unajifanya mstaarabu?

Hatari za upasuaji nimeelezwa zote bila kufichwa. Shemeji yako alikuwa pembeni yangu, tukaenda nyumbani tukazungumza, tukarudi na maswali mengine, tukajibiwa. Sikudanganyi kwamba siogopi. Kisu nakiogopa sana. Lakini simu ya Mama naiogopa zaidi. Kila ikilia asubuhi, naketi kwanza ndipo napokea, halafu kumbe anauliza bei ya sabuni.

Sasa sikia habari yenyewe. Jumanne nilipanda mizani tena. Nilivua viatu, mkanda, hata pete. Kilo kumi zimeondoka na nusu juu yake. Presha imetulia. Daktari ameandika kwamba niko tayari, akanipa mkono. Nilitamani nikupigie palepale, nikakumbuka mtandao wako.

Mimi wamenikubali. Imebaki wewe unikubali. Wamesema mgonjwa akikataa hakuna wa kumlazimisha, si daktari, si Mama, si mimi. Nimeweza kulipunguza tumbo langu, lakini moyo wako siwezi kuufungua kwa spana.

Nisalimie sana Mama, umwambie asikufiche barua zangu wala asikusomee kwa kurukaruka. Msalimie Shangazi, na yule dereva jirani anayekupeleka hospitali na kukusubiri nje. Mwambie namshukuru mno, nikija nitamwangalia friji lake bure. Shemeji yako na wapwa zako, yaani wanangu wanaokula kama mchwa, wote wanakusalimu.

Ukimaliza kusoma nipigie, useme neno moja tu. Ukikata nitasema ni mtandao, nami nitakaa na simu mkononi mpaka upige tena.

Mungu akupe usingizi, akupunguzie kiu, na akupe moyo wa kupokea. Nimechoka, mdogo wangu. Usiniache nimekula mahindi yote yale bure.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikatia simu,

Spana