Mlima Ulitoka Tukikula Mukimo

Jumamosi, usiku

Na mimi nilikuwa nimemkasirikia Mama, imagine!

Ana na Rui, mke na mume kutoka Ureno, ndio wageni wangu wa kwanza tangu nijifundishe kazi ya kutembeza watalii. Kesho wanarudi kwao. Wiki yote nimewazungusha Nyeri, na Mlima Kenya haujatoka kwa mawingu hata kidogo. Niliwaahidi hiyo mlima. Nilikuwa naona aibu.

Leo jioni tulipitia kwetu Gatitu kusalimia tu, halafu niwakimbize kule juu kwa kilima tujaribu bahati ya mwisho. Mama akafunga geti, akaanza kuponda mukimo, viazi na mahindi na mboga pamoja.

"Mama, tumechelewa!"

"Ati mgeni atoke kwangu na njaa? Watasema nini kanisani? Keti, kijana."

Akawapakulia hapo nje. Ana alikuwa anachomwa na viazi na bado anaongeza. Mimi nilikuwa nazunguka tu nikiangalia simu.

Halafu kijiko ya Rui ikasimama hewani. Nikageuka.

Mawingu ilikuwa imefunguka yote. Mlima ulikuwa pale nyuma ya migomba ya Mama, mkubwa, theluji imekuwa pinki kama... sijui kama nini. Ana alilia. Mimi nimezaliwa hapa, nauona nikipiga mswaki, lakini leo nilisahau hata kuupiga picha.

Mama akatoka na mwiko. "Sasa mlikuwa mnakimbia wapi?"

Nikaomba sahani.