Zulia Lililopinduliwa

Tunis, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima na kukuuliza hali ya goti lako kwa baridi hii ya Kairuani. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila koo limenikauka kwa Kiingereza. Nina habari ya mtihani, na jambo jingine lililonikaa moyoni miaka tisa. Monia mdogo wangu, msomee Mama taratibu, usiruke neno.

Mtihani wa waongoza watalii nimeufanya Alhamisi. Mama, Waingereza wana maneno ya kutazama mengi kuliko rangi zako za sufu! Wiki nzima jirani yangu Lotfi alinifanyisha mazoezi. Niliposema wageni wata-“stare” zulia, akapiga kelele, “Wee dada! Huko ni kumkodolea mtu macho. Watalii watakukimbia!”

Siku yenyewe, msimamizi, bibi mmoja mkavu, alitandaza zulia mezani. Akataka nimwambie mgeni, kwa Kiingereza, alitazame kwa kupendezwa nalo. Neno likanipotea. Mikono ikatangulia: nikalipindua, nikapitisha kidole kwenye mafundo, kimya. Yule bibi akatabasamu, akasema mama yake naye alikuwa mfumaji, na kitu kikimpendeza alifanya vivyo hivyo. Hapo nikalikumbuka, “admire”, nikalisema huku nalia.

Maana nilikukumbuka wewe, Mama. Nilipokuletea zulia langu la kwanza, ulilipindua, ukapitisha kidole, ukaenda zako jikoni bila neno. Nikadhani umetafuta makosa ukayaona. Ndiyo sababu niliacha kufuma nikaja huku. Kiingereza kilikuwa kisingizio tu. Tena nilikudanganya kwamba nimeliuza. Limo chini ya kitanda changu mpaka leo.

Nimefaulu, na kazi naianza mwezi ujao. Lakini kwanza, Ijumaa nakuja nalo begani. Lipindue utakavyo, hata ukiona kasoro sitanuna. Ila safari hii sitaki kukisia. Nitasimama mlangoni mwa jiko, na hupiti mpaka uniambie kwa mdomo wako ulichokiona siku ile.

Nisalimie Baba na shangazi Mbarka. Monia, futa machozi, umalizie kusoma. Naubusu mkono wako, Mama, hicho kidole kwanza.

Mwanao,
Dalinda