Kwa Selemani Uwesu, Aliyetaka Kila Mtu Aulizwe

Leo umetimia mwaka tangu ututoke, Baba Rukaiya, na redio yako bado iko pale pale juu ya kabati. Hakuna aliyethubutu kuihamisha.

Ulikuwa mtaalamu wa maabara kwa miaka ishirini na saba, na msomaji wa kutia watu aibu. Hukusaini kitu bila kukisoma chote, tena kwa sauti. Bwana Prakash alisubiri dukani mpaka ukamaliza kadi ya dhamana ya redio hiyo, huku foleni nyuma yako ikisonya. Sisi tulijifanya hatukujui.

Lakini hatuwezi kukukumbuka kwa haki bila kuitaja ile Ijumaa ya Machi 2002. Wajumbe wa nchi tatu walikuwa hapa Arusha kukamilisha mwongozo mmoja wa utafiti wa damu na vinasaba, nawe ulikuwa mmoja wao. Mradi wa kwanza ulishaanza kijijini Kikwe. Bila saini zote ungesimama, na Rukaiya, mwanao wa kwanza, alikuwa ameajiriwa humo, mwaka ule ule mama yake alipopunguzwa kiwandani. Nyumba nzima ilimtegemea yeye.

Wiki hiyo ulikwenda Kikwe. Bibi Tabea, mmoja wa waliotolewa damu, akakushika mkono. "Mwanangu, ile damu yangu mmeipeleka wapi? Mimi niliambiwa tu mwenyekiti ameshakubali."

Ukafungua jalada la mradi, ukakuta saini moja. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amewasainia watu wote, kama alivyozoea kusaini mbolea na mahindi ya msaada. Hakuwa na nia mbaya, maskini.

Ijumaa ikafika. Wenzako walishasaini, gari la uwanja wa ndege linanguruma nje, kalamu iko mbele yako. Rukaiya ndiye aliyekuwa akigawa karatasi. Akakuinamia.

"Baba, saini. Nakuomba. Nyumbani tutakula nini?"

Ukavua miwani. "Waulizwe kwanza, mmoja mmoja, hata kwa Kimeru. Hapo nitasaini."

Kikao kikavunjika. Jumatatu Rukaiya hakuwa na kazi.

Tulikukasirikia, tusifiche. Miezi minne Rukaiya alikuwa akikuamkia shikamoo na kuishia hapo hapo. Chai yako aliiweka mezani na kuondoka.

Kisha figo zikakulaza. Daktari akaja na fomu ya kuomba damu yako kwa ajili ya utafiti, nasi sote tukajua utakataa. Ukampa Rukaiya. "Nisomee."

Akasoma kurasa tatu, ukimkatiza kila mstari, hadi anwani ya maabara. Alipomaliza ukasaini, ukanyoosha mkono.

"Chukueni. Mmeniuliza."

Rukaiya alitoka nje akalia kwa sauti. Siku ya pili yake ukaondoka, mkono wako ukiwa katika wake.

Mwongozo ulipitishwa miezi miwili baadaye, na sharti lako limo. Rukaiya amerudi kazini Kikwe, anawasomea watu fomu nyumba kwa nyumba. Mwezi uliopita Bibi Tabea alisomewa yote, akafikiri, akasema hataki. Rukaiya akamshukuru, akafunga jalada, akabaki kunywa chai yake.

Unakumbukwa na mkeo Arafa, wanao Rukaiya, Khalfani na Twahira, na majirani uliowachelewesha dukani. Mwenyezi Mungu akurehemu.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Tangazo hili Rukaiya amelisoma kwa sauti, lote, kabla hatujaliwekea saini.