Yaya, Walisema Uzito Ulikuwa Wako

Kamina, Jumamosi jioni, mvua za kwanza.
Miezi minne tangu tukulaze Kaniama kando ya kaburi la mama, nami nikarudi huku kubeba magunia stesheni.

Yaya Ngoie, dada yangu mkubwa,

Ni mdogo wako, Banza. Mgongo unaniuma, lakini siwezi kulala bila kukuambia habari za binti yako Mado.

Amekalia mkeka wako wa kutafakari. Kila alfajiri anafumba macho na kufuata pumzi zake, kisha anainuka na uso wa mtu aliyefokewa. Kiongozi wenu wa kutafakari amemwambia kwamba hukuifikia amani kwa sababu ya uzito wa ukoo, na sasa uzito huo umemhamia yeye.

Nakumbuka yote. Ulipokosa amani mwanzoni, walisema bado mapema. Halafu wakasema ni nyama unayokula. Ukaacha nyama, ukakonda, wakasema una mashaka. Ulipochoka kabisa walifurahi: eti giza likizidi, ndipo umekaribia. Sasa, Yaya, ni jambo gani lingewafanya waseme njia yenyewe haifai?

Siku moja ulitoka kwenye mkeka ukicheka: "Mudogo, leo njo niliona kitu! Niliona bukari inaungua." Tulicheka kwa ugali huo wako mpaka jirani akagonga ukuta. Baadaye ukaacha kucheka, ukaanza kusema, "Minyi njo niko mubaya." Kwa kukufanya ujione mbaya, siwasamehe.

Leo nilimfuata Mado kwenye mkutano wao, nguo zikiwa na vumbi la kazini, nikamuuliza kiongozi swali lile. Hakukasirika. Alitabasamu: "Papa, hilo swali lako njo uzito wenyewe." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mtu akijibu hivyo, unaweka neno wapi?

Tukirudi nyumbani, Mado hakuniangalia njia nzima. Mlangoni akanigeukia, mkali kama wewe: "Mujomba, usinipatishe tena haya mbele ya bantu!" Kisha, polepole: "Mama aliogopa, pale mwisho?"

Nilimwambia ukweli. Uliogopa. Ulikuwa unaomba msamaha kila ulipokohoa, ukidhani unaharibu utulivu.

Alikaa kizingitini akalia. Sijui kesho alfajiri atafanya nini.

Pumzika, Yaya. Hukupungukiwa na kitu. Naahidi kumwambia hivyo binti yako, hata akininunia. Mwezi wa tatu, mahindi yakivunwa, nitakuja Kaniama kupalilia kaburi lako. Nitamwomba tuje wawili. Akikataa, nitapalilia upesi, nirudi kwake.

Banza