Somo la Kwanza la Bibi Leonilde

Souto Velho, 11 Februari

Kwa mjukuu wangu Jacinta,

Mungu akubariki. Najua mdogo ndiye huomba baraka kwanza, nawe hujaniomba, maana leo ninayeanza kuandika ni mimi, lakini ichukue tu. Hujambo? Unakula, au bado unaishi kwa kahawa kama karani wa mahakama? Huku sijambo. Goti la kushoto linalia kama bawaba ya zizi, ila linanifikisha kwa kuku na kanisani, na safari nyingine sina.

Nina neno. Kaka yako Adérito amempigia simu jirani yetu Ermelinda, maana anajua mimi kwenye simu sisikii ila mvumo. Anakuja Agosti kutoka Uingereza na mkewe Heather, na safari hii wanamleta Tilly. Hatimaye! Kitukuu changu ana miaka sita na sijamshika hata mkono. Ermelinda akaniambia, kwa furaha yake ile unayoijua, "Utamwona, Leonilde, lakini kuongea hamtaongea. Mtoto anajua Kiingereza tu."

Sasa mimi nina mwalimu wa Kiingereza, nimemlea mwenyewe kwa supu ya sukuma na viazi, na leo Porto wanamlipa afundishe watu. Basi nifundishe na mimi. Usicheke. Darasa sikulikanyaga, lakini herufi nilizijua nikiwa tayari mke wa mtu. Babu yako alinifundisha mezani, kwa kidole, kwenye unga niliokuwa nikikandia mkate. Alianza na maneno ya kunifaa siku ileile: chumvi, mbegu, jina lake. Nikikosea, alisoma nilichokusudia, si nilichoandika. Ndiyo maana leo unapata barua hii.

Sitaki mengi. Nataka kumwuliza kama ana njaa. Nataka kumkataza asimsogelee bata bukini, maana yule ni shetani mwenye manyoya. Na nataka kumwambia kwamba yeye ni damu yangu. Basi.

Bibi yako,
Leonilde


Porto, 20 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Naomba baraka yako. Mimi mzima, na nakula, jana nimekula samaki, uliza yeyote. Pole na goti.

Barua yako nimewasomea walimu wenzangu wote. Nitakufundisha, tena vizuri, si kwa kuparaza. Lakini twende kwa mpango, Bibi. Bata bukini yuko somo la kumi na moja, pamoja na wanyama wengine wa shambani. Hatuwezi kuanza naye.

Somo la kwanza ni kusalimia na kujitambulisha: "Habari ya asubuhi. Jina langu ni Leonilde. Ninatoka Ureno. Nimefurahi kukufahamu." Chini ya kila mstari nimekuandikia inavyotamkwa. Nakili, nitumie, nami nitakurudishia nikiwa nimesahihisha. Na useme sentensi nzima, usiseme neno mojamoja. Neno mojamoja ni la mtoto mchanga.

Mjukuu wako,
Jacinta


Souto Velho, 14 Aprili

Jacinta wangu,

Mungu akubariki. Huku mvua, na mguu unajua kabla ya mawingu. Wewe je, kifua kimepona?

Karatasi yangu imerudi. Nilipoifungua nilidhani umechinjia nguruwe juu yake. Wino mwekundu kila mahali! Hata jina langu umelisahihisha.

Tena niulize. "Ninatoka Ureno." Mtoto atanikuta jikoni kwangu, Ureno. Atadhani natoka wapi, mwezini? Na somo la tatu linanifundisha kuomba chumba chenye dirisha la kutazama bahari. Mwanangu, mimi hotelini sijalala, na bahari niliiona mara moja, ikanilowesha soksi.

Nafanya mazoezi bandani. Ermelinda akapita, akaita juu ya ukuta, "Leonilde! Unaongea na nani, au kuku wako wanahamia London?" Nikamjibu, "Wakienda watakuwa wamekupita akili." Lakini sikiliza hili. Kwa kuku maneno yanatoka. Nikikumbuka kalamu yako, ulimi unajikunja kama paka aliyemwagiwa maji. Mficha uchi hazai, Jacinta. Niache nikosee kidogo.

Haya, mwalimu ni wewe. Nitafanya unavyosema. Ila nipe lile neno la bata.

Bibi yako,
Leonilde


Porto, 2 Juni

Bibi yangu,

Naomba baraka yako. Natumaini goti limetulia kwa joto hili. Mimi sijambo, nimechoka tu na mitihani.

Nakuomba kitu kimoja: usijaribu kuongea na Tilly kwa maneno ya kuokoteza. Kosa likishazoea mdomo halitoki. Wanafunzi wangu nimewazoeza wasifungue mdomo mpaka wawe na uhakika, na darasa langu linasifiwa kwa utulivu. Watoto wa kule hucheka, Bibi, na mimi sitaki mtu yeyote akucheke. Tumefika somo la tisa, tunakwenda vizuri. Agosti nitakuja, nitasimama kando yako.

Mjukuu wako,
Jacinta


Souto Velho, 5 Septemba

Jacinta,

Mungu akubariki. U mzima? Mwili wangu mzima, roho ndiyo inachechemea. Uliondoka hatujaongea, na mimi nikakuacha uondoke, kwa hiyo naongea sasa.

Ulikuwepo, ila ulikuwa ukinitazama mimi mdomo, mtoto hukumtazama. Mimi nilimtazama, na nilichokiona sikukielewa mpaka gari lao limekwisha kushuka mlima.

Aliingia kwa mlango wa jikoni, alasiri, amewatangulia wazazi wake, na viatu vyake vya manjano. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akanyosha mkono, akasema kitu. Mimi wakati ule nimebeba sentensi yangu kama mtu aliyebeba trei ya mayai, nikigeuza shingo tu inaanguka. Nikaimwaga yote: "Habari ya asubuhi. Jina langu ni Leonilde. Ninatoka Ureno." Na wewe hapo kando, "Alasiri, Bibi, si asubuhi. Anza tena." Nikaanza tena! Mtoto bado kanyosha mkono, na mimi naanza tena. Ule mkono ukashuka polepole. Akaenda nyuma ya sketi ya mama yake, na huko ndiko alikoshinda wiki nzima.

Halafu ile asubuhi ya bata bukini. Nilimwona Tilly anamwendea na kipande cha mkate. Nikasimama mdomo wazi, natafuta neno, na neno lenyewe liko somo la kumi na moja. Ningepiga ukelele kwa Kireno, au hata kwa ile sauti ya kuitia ng'ombe, angegeuka! Bata akamng'ata paja. Nilimkimbilia, goti na yote, na nilipofungua mdomo nimbembeleze nikaona uso wako dirishani. Nikaufunga. Nikamfuta machozi kimya, kama bubu.

Walipoondoka, Ermelinda alikuja na kikapu cha tini. Hakunidhihaki, na Ermelinda asipodhihaki ujue kuna msiba. Akasema, "Leonilde, siku ile nilikuwa hapo kizingitini. Mtoto alikuomba baraka. Kwa Kireno, mkono mbele, kama watoto wetu. Mbona hukumjibu?"

Jacinta, katika kijiji hiki nimewajibu watoto wa kila nyumba. Nimewajibu hata wa yule mwizi wa kuni. Siku ya kumzika babu yako niliwajibu, mmojammoja, pale getini. Damu yangu ikatoka Uingereza, ikaniomba kwa lugha yangu mwenyewe, nami nikaisomea somo la kwanza. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yamempita mjukuu, yamefika kwa kitukuu.

Sikulaumu. Nakulaumu kidogo.

Bibi yako,
Leonilde


Porto, 19 Oktoba

Bibi,

Naomba baraka yako. Nimeandika barua hii mara kadhaa nikaichana. Mimi nina afya, lakini sina raha.

Ni kweli, sikumtazama mtoto. Nilikuwa nasikiliza kama utakosea.

Darasani kwangu yuko muuguzi mmoja, Norberto, anayejiandaa kwenda kufanya kazi Uingereza. Tangu masika hajasema neno, na mimi nilimwita mwanafunzi mtulivu. Baada ya barua yako nikafunga kitabu nikamwuliza, "Siku ya kwanza wodini utahitaji kusema nini?" Akawaza, akasema, "Inauma wapi?" Akalisema vibaya, nikamjibu kama mgonjwa, "Hapa, mgongoni." Bibi, darasa zima liliamka. Mmoja alijilaza juu ya dawati anagumia. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Sasa yaliyo mazito. Adérito na Heather wanaachana. Heather anarudi kwa dada yake New Zealand, na Tilly anakwenda naye. Adérito aliniambia kitu ambacho sitaki kukuandikia, lakini nakuandikia. Yale maneno ya baraka alimfundisha Tilly ndani ya gari, njia nzima. Alimwambia, "Ukisema hivi, bibi atakubariki, na hapo utakuwa wake." Jioni ileile Tilly akamwuliza, "Baba, nilikosea kusema?" Tangu siku hiyo hataki tena neno la Kireno.

Nimekuandikia hapa chini maneno uliyoyaomba Februari: njaa, bata, damu, na nimeongeza pole. Hakuna sentensi.

Mjukuu wako,
Jacinta


Souto Velho, 12 Novemba

Jacinta wangu,

Mungu akubariki. Pole kwa kaka yako, nitamwandikia. Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martinho, tumechoma njugu za msitu na kuonja divai mpya. Nilionja kidogo. Usimwulize Ermelinda.

Nimekaa na maneno yako bandani. Haya yanaingia, kwa sababu kila moja lina mtu wake. Nimemwandikia Tilly mwenyewe, kwa Kiingereza changu, na mwisho nimeweka baraka kwa Kireno, kwa maana ndiyo lugha aliyoniombea. Karatasi iko humu ndani. Itume kabla hawajapanda ndege. Usiguse kitu, Jacinta. Hata nukta.

Bibi yako,
Leonilde


Porto, 24 Januari

Bibi yangu,

Naomba baraka yako, ingawa nikikuambia nilichofanya huenda usinipe.

Niliigusa.

Ilikaa mezani kwangu siku nyingi, nikiitazama. Wewe uliandika, "Tilly sema vizuri. Bibi funga mdomo. Bibi kosa. Kiingereza bibi bovu." Mimi nikainakili upya: "Ulitamka vyema kabisa, na kosa la kunyamaza lilikuwa langu, kwa kuwa Kiingereza sikimudu." Nikaitafsiri hata baraka, ili aielewe. Darasani niliweza kuiweka kalamu chini, Bibi. Kwako nilishindwa. Kila nikiisoma nilikuwa nasikia watu wakikucheka.

Iliwafikia wakiwa wamekwisha kuhamia New Zealand. Heather alimsomea Tilly. Adérito anasema mtoto alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kumbe anajua Kiingereza hivi? Basi kwa nini hakuongea na mimi?" Akaenda kucheza. Heather ameomba tusimwandikie kwa sasa.

Karatasi yako ninayo.

Jacinta


Souto Velho, 17 Machi

Jacinta,

Barua yako ilifika mwishoni mwa Januari. Niliiweka nyuma ya saa nikaacha kuijibu, kwa sababu kila neno lililonijia lilikuwa kofi. Ermelinda aliuliza, "Mwalimu wako hajambo?" Nikamwambia aende akaangalie sufuria yake.

Bata bukini nimemchinja kabla ya Kwaresima. Nyama ilikuwa ngumu kama tabia yake.

Ile karatasi yangu, yenye doa la mafuta, usinirudishie. Mwekee Heather, tena hivyo ilivyo. Siku atakayokubali, mtumie, aitie kwenye droo. Watoto hukua, hufungua droo. New Zealand ni mbali, na goti langu unalijua, kwa hiyo sijidanganyi kwamba Tilly atapita tena mlango wa jikoni nikiwa bado ndani. Lakini nataka awe na makosa yangu. Akiyaona atajua nilinyamaza kwa nini, na atajua kwamba yeye hakukosea kitu.

Na hao wanafunzi wako, mtu akifungua mdomo mtazame machoni, umjibu. Hayo mengine utayashona baadaye.

Bado nakwenda bandani. Saa ile aliyoingia na viatu vya manjano, naisema baraka kwa sauti. Kuku wamezoea, hawageuki.

Nimeisoma tena barua yako leo asubuhi. Mstari wa kwanza uliniomba kitu, na mimi nimekuacha umenyosha mkono tangu Januari. Yule mdogo nilimfanyia bila kujua. Wewe nimekufanyia nikijua.

Mungu akubariki, Jacinta. Akubariki sana, mwanangu. Njoo Pasaka.

Bibi yako,
Leonilde